Mama Rangi na Njia ya Kuingia Mjini

Kwa miaka kumi na tisa Mama Rangi aliitembea njia ya pwani siku tatu kila wiki, kopo la rangi nyeupe mkono huu, kopo la bluu mkono ule, na brashi mbili zikimchomoza mfukoni kama masikio ya sungura. Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho cha kazi. Watu wa njiani walimjua kwa madoa: doa la bluu kisiginoni, doa jeupe kidevuni, na kucha ambazo hazijawahi kuwa na rangi moja zote kumi.

"Mama Rangi, leo umepaka mawe au umejipaka mwenyewe?" wangemtania.

"Mawe yameshapendeza," angejibu bila kusimama. "Mliobaki kuchakaa ni nyinyi."

Njia yenyewe ni ndefu, siku kumi na moja za kutembea, ikiandama bahari kila inapopata upenyo. Siku ya mwisho inaanzia kijijini kwa Mama Rangi na kuishia katikati ya jiji, mbele ya ofisi ya idara ya barabara. Kilomita ishirini na nne, mwendo wa kutwa. Kipande hicho ndicho kilichokuwa chake. Kila njia panda, kila kona yenye utata, alipaka mistari miwili juu ya jiwe, nguzo au ukuta, mweupe juu na wa bluu chini, ili mgeni asiye na ramani wala simu afike mjini bila kumuuliza mtu.

Sasa idara ilitaka kukifunga. Kampuni moja ya kujenga nyumba za kifahari ilikuwa imeomba ukanda wote wa ufukwe, nayo idara, badala ya kusema hapana kama inavyopaswa kumwambia mtu anayeomba bahari ya watu wote iwe ua wake, ilijibu kwa barua ya adabu: tutakagua kama njia bado inafaa. Mkaguzi asiyeijua njia ataitembea kwa kufuata alama tu. Mtunza njia atamfuata nyuma, na haruhusiwi kuonyesha, kusema wala kuashiria. Mkaguzi akipotea mara tatu, njia haifai. Wasafiri wa miguu watahamishiwa kwenye barabara kuu, wakatembee ukingoni mwa lami pamoja na malori.

Mama Rangi aliisoma barua ile mara mbili, akaikunja, akamwambia mumewe, fundi wa kuchomelea aliyestaafu bandarini, "Hawa wamenipa mtihani niliotunga mwenyewe."

"Usijisifu kabla hujavaa viatu," mzee akasema.

"Mama yangu alipita hapo akienda kufua mashuka ya hospitali. Anaondoka Jumatatu, anarudi Jumamosi, miguu mitupu. Leo niambiwe hapafai? Hapafai kwa nani?"

Mkaguzi alifika Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mama wa watoto wawili, mwenye kofia ya jua, ubao wa kuandikia na viatu vipya vilivyolia kila akikanyaga. Alisalimia kwa heshima, akamsomea Mama Rangi masharti yote hadi nukta ya mwisho, kisha akamwangalia mikononi.

"Mama, na hayo makopo?"

"Nimezoea. Nikitembea mikono mitupu nayumba."

Wakaondoka, mkaguzi mbele, Mama Rangi hatua kumi nyuma. Saa nzima ya kwanza hapakuwa na neno, kwa sababu ufukwe ni mmoja na mtu hawezi kuukosa. Mama Rangi alitembea kifua mbele. Upepo ulikuwa mzuri, jua lilikuwa bado na huruma. Moyoni alikuwa ameshaandika ripoti nzima kwa niaba ya mkaguzi.

Kwenye machimbo ya mawe njia inagawanyika. Moja inapanda kulia, nyingine inashuka kushoto na kurudi baharini. Mkaguzi alisimama. Akatazama mawe. Akatazama nguzo. Akazunguka kichaka, akainama, akainuka, akashika njia ya kulia.

Mama Rangi aliuma ulimi. Huyu haoni? Lile jiwe la pale ni kubwa kama jokofu, na mistari aliipaka mwezi uliopita kwa mkono wake! Alimfuata kimya mpaka juu, ambako njia ilikomea kwenye uzio wa waya na mbwa aliyefurahi kupata kazi asubuhi asubuhi.

"Moja," mkaguzi alisema, akaandika.

Wakarudi. Walipokuwa wakishuka, mkaguzi akanyoosha kidole. "Kumbe hii hapa! Mbona sikuiona?"

Mistari miwili ilikuwa inang'aa juu ya jiwe, safi kabisa. Mama Rangi akainua mabega kama mtu anayesema, mimi tena nifanyeje? Alikuwa na jibu lake la siku zote kwa watu wa aina hiyo. Kulikuwa na daftari la malalamiko kwenye stoo ya idara mjini, na karibu kila mwezi mtunza stoo alimsomea lililoandikwa na wasafiri waliofika jioni wakiwa hoi: tumepotea machimboni, tumepotea kwenye bomba, tumetokea barabara kuu. Naye Mama Rangi, akisaini kopo lake jipya, alisema, "Waambie macho hayauzwi hapa."

Kilomita nne mbele kuna bomba kubwa la saruji linalovuka kijito. Njia inapita chini yake, lakini juu ya bomba watu wamezoea kuvuka, na pamelainika kama njia. Mkaguzi alitafuta alama dakika tatu nzima. Akapanda juu ya bomba, akavuka mikono ikiwa imetanuka kama mtu wa sarakasi, akajikuta katikati ya matope yanayofika magotini.

"Mbili," alisema kutoka kwenye matope.

Alipogeuka kurudi, akacheka. "Mama, ile pale tena! Nguzoni. Naiona vizuri sana kutokea huku."

Kutokea huku.

Mama Rangi alisimama chini ya bomba, akayarudia maneno hayo mawili kimoyomoyo. Aliiangalia nguzo. Upande uliotazama mjini ulikuwa na mistari mizuri, minene, iliyonyooka. Akaenda taratibu, akaizunguka. Upande wa pili ulikuwa saruji tupu na kovu la rangi ya zamani, ya mtunza njia aliyemtangulia, lililobabuka hadi likafanana na ukoga.

Stoo ya rangi ilikuwa mjini. Kila siku ya kazi, kwa miaka kumi na tisa, alipanda gari la wafanyakazi alfajiri hadi mjini, akasaini kopo, akaanza kutembea kurudi kwake. Kila jiwe alilikuta kwa mbele akielekea nyumbani, na uso aliouona ndio alioupaka. Hakuwahi hata siku moja kuitembea njia yake akielekea mjini. Alama zake zote zilikuwa zinamtazama mtu anayetoka. Anayeingia, ambaye njia nzima ya siku kumi na moja ilikuwa inamleta yeye, alikuwa amepewa migongo ya mawe.

"Mama, uko sawa?" mkaguzi aliuliza, akikamua soksi.

"Niko sawa."

Hakuwa sawa. Walipokuwa wakipanda kuelekea majabali, daftari la malalamiko lilikuwa linajisoma lenyewe kichwani mwake. Mwalimu mmoja mstaafu alipotea majabalini mwaka juzi, akatokea barabara kuu, kioo cha pembeni cha lori kikamvunja mkono. Mtunza stoo alimsomea na hilo pia. Naye alisema nini? Alisema wazee wengine wangekaa nyumbani wanywe chai.

Kwenye majabali ndipo penye njia panda mbaya kuliko zote. Moja ni pana, imenyooka, inakuita kama mlango uliofunguliwa. Nyingine ni nyembamba, inajipenyeza kati ya vichaka vya miiba hadi ukingoni mwa bahari, nayo ndiyo yenyewe. Mkaguzi akasimama katikati. Jua lilikuwa limeanza kuchoma. Alizunguka, akapapasa jiwe moja kwa kiganja, upande wa huku, pasipo na mstari wowote. Angepiga hatua sita tu mbele na kugeuka, angeiona. Lakini nani anatembea akigeuka nyuma kila hatua sita?

Akamtazama Mama Rangi. Kisha akatazama bahari, akasema kama mtu anayezungumza na samaki, "Mama, hivi wewe mafua hayakusumbui leo?"

"Mafua?"

"Nasema tu. Mtu akikohoa si kwamba ameongea. Akikohoa ameelekea upande fulani, ni kifua chake hicho, mimi siwezi kukiandika." Akashusha sauti. "Mimi pia sizipendi hizo nyumba zao, mama. Wanangu wanacheza ufukweni."

Koo la Mama Rangi lilianza kuwasha kweli. Kikohozi kimoja tu. Kimoja hapa, na pengine viwili vitatu mbele, na jioni njia imepita mtihani, kampuni imerudi na ramani zake, na hakuna atakayejua. Hakuna, isipokuwa mtu wa kesho atakayesimama hapa hapa peke yake, asiye na wa kumkoholea.

"Sina mafua," alisema. "Tembea, mwanangu. Fuata unachokiona."

Mkaguzi akashika njia pana. Ilimpeleka kwa raha, robo kilomita, kisha ikamtema ghafla barabara kuu penye kona. Lori la kokoto lilipita. Halikuwagusa, lakini upepo wake ulimvua mkaguzi kofia na kuipeleka mtaroni, na mlio wa honi ukabaki masikioni mwao lori likiwa limeshapotea. Mkaguzi alirudi nyuma akiwa ameshika kifua.

"Huku ndiko wanakotaka kuwahamishia watu?"

"Huku huku."

Akatoa kalamu. "Tatu," alisema, na machozi yalikuwa karibu.

"Andika. Usilie, andika. Halafu njoo nikuonyeshe kitu, maana sasa naruhusiwa kuonyesha."

Alimrudisha majabalini, akamzungusha nyuma ya jiwe, akamweleza yote: stoo, gari la alfajiri, miaka kumi na tisa. Mkaguzi alisikiliza mdomo wazi.

"Kwa hiyo hakuna alama hata moja ya..."

"Hata moja."

"Mama!"

"Mama nini? Nipige basi." Alikuwa ameshakaa chini, anafungua kopo kwa ncha ya bisibisi. "Hiyo fomu yako ina nyuma. Karatasi za serikali huficha mambo mgongoni. Hebu geuza."

Mkaguzi akageuza, akasoma. Palikuwa na maandishi madogo kama chawa. Mtunza njia anaweza kuomba ukaguzi wa pili, kwa sharti la kufika kaunta mwenyewe siku hiyo hiyo kabla ya saa kumi jioni, na kuthibitisha kwamba kasoro imeanza kurekebishwa. Asipofika, njia inafutwa kwenye orodha kuanzia siku hiyo.

"Sasa hivi saa nne na nusu," mkaguzi alisema. "Tukisimamisha gari hapo barabarani, saa sita tuko ofisini. Unasaini, tunakunywa soda."

"Nisaini kwamba nimeanza kurekebisha nini? Hewa?" Mama Rangi alichovya brashi. "Wewe panda gari, mwanangu, kazi yako imekwisha na viatu vimekuua. Mimi natembea. Kila jiwe hadi mjini nalipaka uso wake wa pili."

Alivuta mstari mweupe kwa mkono mmoja usiotetemeka, akauacha upepo uukaushe kidogo, akavuta wa bluu chini yake. Alipoinuka, mkaguzi alikuwa bado amesimama pale pale, ameshika kopo la pili.

"Nani atakubebea hili?" mkaguzi aliuliza. "Kanuni haijasema mkaguzi asibebe kopo. Nimeangalia mpaka mgongoni."

Ndivyo Mama Rangi alivyoitembea njia yake kuelekea mjini kwa mara ya kwanza maishani, akiona kila kitu kwa nyuma. Nguzo alizozijua kama watoto wake zilimpa visogo. Mara mbili yeye mwenyewe, mwenye njia, alisita, hajui jiwe liko wapi. Kila aliposita, alijua hasa mgeni aliposimama. Alama moja ilichukua dakika tatu. Penye jiwe baya, lisilofika machoni, alichagua lingine na kupaka pande zote mbili.

Simu ikalia wakiwa kwenye mabwawa ya maji taka, mahali ambapo hakuna anayependa kuvuta pumzi ya kuzungumzia.

"Umefika wapi?" mzee aliuliza.

"Tumefeli."

"Basi rudi nyumbani, mke wangu. Nitakuwekea maji ya kuoga."

"Nani kakwambia narudi? Nimeshika njia ya mjini. Wewe angalia chini ya kitanda, kuna makopo mawili niliyobakiza. Uyatikise."

"Kwa nini niyatikise?"

"Kesho utanishikia kopo. Alama zote zilitazama upande mmoja, mzee. Wa kutoka tu."

Mzee alikohoa kicheko, akakimeza. "Miaka yote nakwambia wewe unajua kurudi tu, ukadhani nakutania."

"Tikisa makopo," akasema, akakata.

Nyuma ya kiwanda cha barafu walipaka nne. Kwenye daraja la waenda kwa miguu juu ya reli walipaka mbili. Saa tisa kasoro walifika karakana ya magari iliyoziba nusu ya njia, na mwenye karakana, jitu lenye ovaroli lililojaa grisi, akatoka mbio.

"Mama Rangi! Unafanya nini? Huo upande wa mbele! Huo ndio uso wa biashara yangu!"

"Miaka kumi na tisa nimekupaka mgongo hukulalamika."

"Mgongo nani anauona?"

"Ndiyo maana nimehamia usoni. Mtu anayeingia mjini anapita hapa hajui kama akate kushoto au aingie kwenye shimo lako la oili. Nipishe."

"Wateja wataniuliza."

"Waambie ni njia ya watu. Na wewe pia umezaliwa na watu, sijui kama ulishaambiwa."

Mafundi ndani wakaangua kicheko. Jitu likajikuna kichwa, likapima ukuta wake kwa macho, kisha likasema kwa sauti ya kushindwa, "Basi angalau mstari unyooke."

"Wangu huwa unapinda?"

Rangi ya bluu iliisha alama ya thelathini na tisa. Mkaguzi aliinamisha kopo, akakwangua kuta zake kwa kijiti, akampa brashi yenye bluu kwenye ncha za nywele tu. Mistari ya alama nne za mwisho ilikuwa myembamba kama nyuzi, lakini ilionekana. Alama ya arobaini na tatu aliipaka kwenye mguu wa nguzo ya taa, mtaani, katikati ya watu waliokuwa wakikimbilia nyumbani, na mtu mmoja akamkanyaga mkono bila kuomba radhi.

Saa kumi kasoro dakika nne. Askari wa mlangoni alikuwa ameshashusha nusu ya lango la chuma.

"Tumefunga, mama. Jumatatu."

Mama Rangi aliweka kopo tupu chini ya lango. Lilishuka, likaligonga, likasimama. "Bado dakika nne," alisema. "Nimetembea tangu alfajiri kwa ajili ya hizo nne. Sikuachii hata moja."

Askari alitazama yale madoa, akamtazama mkaguzi wa idara aliye na matope hadi magotini na bluu puani, akainua lango.

Karani alikuwa ameshavaa koti. Alilivua huku akiguna, akavuta fomu.

"Matokeo ya ukaguzi?"

"Imefeli," mkaguzi alisema.

"Kasoro?"

Mkaguzi akafungua mdomo, pengine atafute neno la kupoza. Mama Rangi akamtangulia.

"Andika: alama zote zilimtazama anayetoka mjini. Anayeingia alisahauliwa."

"Alisahauliwa na nani?"

"Na mimi."

Karani akainua macho. "Niandike hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo, na mwandiko uwe mzuri. Marekebisho: alama arobaini na tatu, kutoka majabali hadi hapa nje kwenu. Zilizobaki ishirini na moja, hadi Jumapili jioni ziwe tayari. Ukaguzi wa pili Jumatatu. Na mkaguzi asiwe huyu."

"Kwa nini asiwe huyu?"

"Huyu sasa anaijua njia."

Alisaini. Kidole gumba kiliacha alama ya bluu pembeni ya sahihi, na karani hakujisumbua kuifuta.

Kabla ya kutoka alipita stoo, akaomba daftari la malalamiko. Mtunza stoo alidhani anatania. Alilisoma amesimama, ukurasa kwa ukurasa, hadi akampata yule mwalimu mstaafu na anwani yake, akainakili kwenye kiganja. Barua aliyomwandikia wiki iliyofuata ilikuwa fupi. Ilisema kosa halikuwa la macho yake.

Jumamosi na Jumapili, mzee alimshikia kopo kutoka nyumbani hadi majabali, akilalamika jua, mgongo na ukosefu wa chai, na hakuna jiwe aliloliruka. Jumatatu idara ilimleta mkaguzi mwanamume, mnene, aliyekiri tangu mwanzo kwamba huwa anapotea hata ndani ya soko. Mama Rangi alimfuata hatua kumi nyuma, kilomita zote ishirini na nne, akiwa amefumba mdomo kama aliyeshika maji.

Walifika saa tisa na robo. Mkaguzi aliketi kwenye ngazi za ofisi, akavua viatu, akavilaani kimoja kimoja, akalilaani jua, akamlaani aliyempangia kazi hii. Alilaumu kila kitu alichokumbuka. Njia hakuitaja kabisa.

Mama Rangi alimsubiri amalize. Kisha akampa kalamu ajaze fomu, akaingia stoo kuchukua kopo jipya la bluu.